Hazina Iliyofichwa Shambani Ni ya Nani?

Mara nyingi watoto hutuuliza mambo ambayo sisi wakubwa tumeyapita kila siku bila kuyatazama. Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara katika parokia yetu hapa Goma, tuliwakuta wavulana wanne wameinamia kitabu kimoja cha picha. Kilikuwa kizee, jalada limechanika, kurasa zimeshonwa kwa uzi mweusi. Mmoja wao aliinua kichwa akatuuliza, "Mwalimu, hawa mabwana waliofukua kaburi wakachukua maiti ya mfalme, ni wezi ama si wezi?"

Tulitaka kumjibu upesi, maana amri ya saba twaijua wote: Usiibe. Lakini neno halikutoka. Tulimwambia angoje mpaka Jumamosi ifuatayo. Haya mnayoyasoma ndiyo majibu tuliyoyatafuta juma lile, na twayaandika hapa kwa sababu tumeona kwamba swali la mtoto yule latuhusu wote, hata yule ambaye hajashika kitabu cha picha maishani mwake.

Kwanza tueleze kitabu chenyewe. Huitwa Les 7 Boules de cristal, na kile kinachokifuata huitwa Le Temple du Soleil. Mwandishi wake ni Mbelgiji Georges Remi, aliyejulikana kwa jina la Hergé, mtungaji wa habari za Tintin. Vilitolewa kama vitabu mwaka 1948 na mwaka 1949. Wataalamu saba wa mambo ya kale wamesafiri mpaka milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, wakafungua kaburi la mkuu mmoja wa kabila la Inka, wakarudi Ulaya na maiti yake iliyokaushwa pamoja na mapambo yake. Kisha mmoja baada ya mwingine wanapatwa na usingizi wa ajabu. Profesa Tournesol, rafiki wa Tintin, anaivaa bangili ya maiti ile, akachukuliwa mateka. Tintin na Kapteni Haddock wanamfuata mpaka Peru, nao wanahukumiwa kuchomwa moto. Wanaokoka kwa sababu Tintin amesoma katika kipande cha gazeti kwamba siku fulani jua litapatwa, naye anajifanya kuliamuru jua. Watu wa Inka wanaogopa, wafungwa wanafunguliwa, na mambo yanakwisha vizuri.

Vijana hupenda sana habari za namna hii, wala hatuwalaumu. Nasi tulizisoma utotoni. Kutafuta kilichofichwa ni tamaa ambayo Mungu mwenyewe ametutia moyoni, na bila tamaa hiyo mtu hasomi, halimi, wala hasali. Lakini tulipokifungua kitabu tena juma lile, tuliona neno ambalo zamani tulikuwa tumeliruka. Mwanzoni kabisa Tintin amo katika gari moshi, na msafiri mmoja anaanza kuzungumza naye juu ya wale wataalamu. Mtu huyo anasema kwamba mambo haya hayatakwisha vizuri, na anauliza: sisi tungesema nini kama watu wa Misri au wa Peru wangekuja kwetu wakafungua makaburi ya wafalme wetu? Basi. Neno lake lapita upesi kama kituo kidogo kionekanavyo dirishani, na habari inaendelea kwa mbio. Swali la mvulana wetu lilikuwa limeandikwa mle kitabuni tangu mwanzo, wala halikujibiwa.

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya Peru, yatuhusu nini sisi wa Kivu?" Twamjibu kwamba hata hapa kwetu, Kivu ya Kaskazini, kuna hazina iliyochimbwa na kuchukuliwa, na wengi wetu hatuijui. Pale Ishango, kwenye ufuko wa ziwa Edward, mahali mto Semliki unapotoka ziwani, mtaalamu mmoja Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba mwaka 1950. Alikuta mabaki ya watu waliokaa pale zamani sana wakivua samaki, na vyusa vyao vya mfupa. Akakuta pia kijiti cha mfupa chenye urefu wa sentimeta 10 hivi, na kipande cha jiwe gumu la kwatzi kimechomekwa nchani. Juu ya mfupa huo mna chanjo nyingi zilizopangwa katika safu tatu.

Zihesabuni pamoja nasi. Safu moja ina mafungu ya chanjo 11, 13, 17 na 19. Jumla yake 60. Safu nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Jumla yake 60 tena. Ile ya kati ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Jumla yake 48. Wataalamu wanakadiria sasa kwamba mfupa huo una umri wa miaka ipatayo 20,000. De Heinzelin aliona humo hesabu. Mtaalamu mwingine, Alexander Marshack, alifikiri kwamba ni kalenda ya mwezi. Na wengine huonya kwamba tusidai kujua zaidi ya yale mfupa wenyewe unayosema. Lakini hata anayesema machache anakubali kwamba mtu fulani, kando ya ziwa letu, aliketi akachanja kwa uangalifu, akayaweka mafungu mbalimbali.

Sasa linganisheni na kitabu cha picha. Mle watu wa Inka, ambao waliliabudu jua, wanadanganywa na kijana mgeni mwenye kipande cha gazeti, kana kwamba hawakupata kuona jua likipatwa. Mchoraji hakudhani kwamba watu wa mbali waweza kuhesabu. Kumbe kandokando ya ziwa Edward walikuwako watu waliochora mafungu ya chanjo kwa mpango, miaka elfu nyingi kabla ya gazeti la kwanza kupigwa chapa. Ndiyo hatari ya kitabu kama hiki kwa mtoto wa Goma. Humfundisha bila kusema kwamba mwenye akili ni yule ajaye kuchimba, na mwenye kaburi ni mtu wa kuogopa tu. Hergé huyohuyo mwaka 1930 na 1931 alichora safari ya Tintin katika Kongo, akatuchora sisi kama watoto wasio na akili. Na twaliandika hili kwa haya, maana gazeti lililotoa picha zile, Le Vingtième Siècle la Brussels, lilikuwa gazeti la Wakatoliki.

Mfupa wa Ishango u wapi leo? Umo Brussels, katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Mtoto wa Beni au wa Goma akitaka kuuona, imempasa apate pasipoti na viza na nauli ya ndege.

Turudi basi kwa swali: ni wezi ama si wezi? Katika seminari tulifundishwa kwamba usimhukumu mtu kabla ya kupambanua. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alilichungua jambo hili la vitu vilivyookotwa, akavigawanya. Viko vitu ambavyo havikupata kuwa na mwenyewe, kama vijiwe vizuri vya ufukoni. Hivyo ni vya aliyeviokota. Ziko hazina zilizofichwa ardhini tangu zamani ambazo mwenyewe hajulikani. Anayezikuta aweza kuwa na haki, lakini sheria humtaka ampe mwenye shamba fungu lake. Tena kuna vitu vilivyopotea tu, na mwenyewe yuko. Hivyo sharti virudishwe, na anayevishika akijua amefanya wizi.

Hapo Mtakatifu Toma anakumbuka mfano wa Bwana wetu Yesu Kristu katika Injili ya Mateo, sura ya 13. Mtu mmoja alikuta hazina iliyofichwa shambani. Sisi makatekista tumeufundisha mfano huu mara nyingi, tukasema juu ya furaha ya Ufalme wa mbinguni, na ni kweli. Lakini ni mara chache tumetazama mtu yule alifanya nini kwanza. Hakuitia hazina mfukoni akakimbia usiku. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba. Mtakatifu Toma aeleza kwamba alifanya hivyo ili awe na haki ya kuishika hazina nzima.

Hapo tukapata kipimo cha kumjibu kijana wetu. Tusiulize tu, "Nani aliikuta hazina?" Tuulize pia, "Je, shamba lilinunuliwa?"

Maiti ya mfalme haina shida kubwa. Kaburi si shamba lisilo na mwenyewe. Marehemu alizikwa na watu wake kwa machozi na sala zao, na miaka mingi haifuti jambo hilo. Wale mabwana saba, hata wakiwa na nia njema ya elimu, walichukua kilichokuwa na wenyewe.

Mfupa wa Ishango ni jambo gumu zaidi. Aliyeuchanja hatumjui, wala ukoo wake haujulikani. Tena hatuwezi kumwita de Heinzelin mnyang'anyi. Mnyang'anyi huchimba ili auze, hutupa udongo ovyo, na akiisha kukitoa kitu hakuna ajuaye tena kilikuwa kimelala wapi na pamoja na nini. Kitu cha kale kilichotolewa hivyo ni kama mtoto aliyeokotwa njiani asiyejua jina la kwao. De Heinzelin alichimba polepole, akaandika kila tabaka, akawaeleza watu wote alichokiona. Bila kazi yake sisi tungelipita pale Ishango na miguu yetu juu ya hesabu ya kale, tusijue neno.

Lakini shamba, je? Mwaka 1885 serikali ya Mfalme Leopold ilitangaza kwamba ardhi yote iliyoitwa tupu ni mali ya serikali. Mwaka 1925 ikaanzishwa mbuga iliyoitwa Albert, ambayo leo twaiita Virunga, na Ishango imo ndani yake. Mwenye shamba hakuulizwa. Aliambiwa tu kwamba shamba halikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo mtaalamu mwaminifu alichimba kwa mikono safi katika shamba ambalo halikununuliwa. Yeye hakuiba, lakini deni lipo, na deni halifutwi kwa kuwa aliyelirithi ni mtu mwema.

Hapa tueleze jambo lililotokea kwetu mjini, maana ndilo lililotufungua macho. Wote twakumbuka tarehe 17 Januari 2002. Sisi tulikuwa watoto, tukashikwa mkono kukimbia kuelekea Gisenyi, nyuma yetu mbingu nyekundu. Moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika nyumba, maduka, na kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu. Tangu siku ile sisi watu wa Goma twakaa juu ya nyumba zetu wenyewe. Tunavunja mawe yale meusi kwa nyundo na mtaimbo, na kwayo twajenga kuta.

Basi Mkristu mmoja, jirani yetu, alinunua kiwanja kwa fedha halali na hati halali. Alipokuwa akivunja mawe ili apate msingi alikuta chuma kimebanwa mwambani: kichwa cha cherehani, kimeungua, kimepinda, hakina gurudumu. Aliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu, wakampimia bei ndogo. Watoto walikusanyika kutazama. Akapita mama mmoja mjane, mwenye miaka mingi, akasimama, akauliza chuma kile kimetoka upande gani wa kiwanja. Alipoonyeshwa akaketi chini. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa nguo mahali pale. Yule mama akasema, "Mwanangu, sikudai kitu. Kiwanja ni chako. Niache tu nikishike kidogo."

Jirani yetu alituambia baadaye kwamba alikasirika kwanza. Alisema moyoni, "Mimi nimenunua shamba, hazina ni yangu." Na kwa sheria alikuwa na haki. Lakini alimtazama mama yule akipitisha kidole juu ya chuma, akitafuta mahali palipokuwa pameandikwa jina la kiwanda, akaona kwamba wanunuzi wamepima uzito wa chuma, na mama anapima miaka ya ndoa. Akawarudisha wanunuzi, akakibeba chuma begani mpaka nyumbani kwa yule mama. Kipo mpaka leo kando ya mlango, na jioni wajukuu huambiwa habari za babu yao.

Tumelifikiri sana jambo hili. Jirani yetu alikuwa amenunua shamba kwa hati, lakini siku ile alilinunua mara ya pili, kwa kuwatambua watu waliokaa pale kabla yake. Na twadhani ndiyo maana ya kununua shamba kwa kila achimbaye: kuuliza ruhusa, kujua majina, kuwafundisha watoto wa mahali pale yale aliyoyakuta, na kuwa tayari kurudisha. Bei hiyo ni kubwa. Mtu wa Injili aliuza vyote.

Twasikia mwingine akisema, "Vikirudishwa Kongo vitaibwa." Tusimcheke, maana ana ushahidi. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Ubelgiji ilirudisha Kinshasa zaidi ya vitu 100 vya kale, na katika machafuko ya miaka ya 1990 vitu vingi vya makumbusho yetu viliibwa. Walioviiba hawakutoka Peru. Walikuwa ndugu zetu. Lakini mwizi hauzi pasipo mnunuzi, na wanunuzi walikuwa ng'ambo, watu wenye fedha na elimu. Dhambi ile ina mikono miwili. Tena, tangu lini mlinzi akapewa nyumba ya jirani iwe yake kwa sababu mlango wa jirani ni mbovu? Amsaidie kutengeneza mlango. Mwaka 2019 makumbusho mapya ya taifa yalifunguliwa Kinshasa. Mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, lakini kwa kuazima, muda usio na mwisho. Mwenye mali kuazimwa mali yake ni jambo la ajabu. Hata hivyo mwaka uleule Ubelgiji ilitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa isivyo haki. Na Kanisa nalo limeanza kujitazama. Mwaka 2023 vipande vitatu vya mawe ya hekalu la Parthenon vilivyokuwa Vatikani vilirudishwa Ugiriki kwa agizo la Papa Fransisko. Hapa kwetu nako wako wamisionari waliochukua vitu vya wazee, vingine wakavichoma, vingine wakavipeleka Ulaya. Tukiungama dhambi zetu sisi wenyewe kila mwezi, hatuna sababu ya kuogopa kuitaja hiyo.

Tena tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu na makumbusho tu. Nani kati yetu hajaona kijana aliyeacha shule akaenda kuchimba koltani au dhahabu katika milima yetu? Yeye hushuka shimoni, na kipande anachokitoa hupita mikono mingi mpaka nchi za mbali, na shamba la bibi yake hubaki mashimo. Nani hajasikia mtu akiuza kiti cha babu, au kinyago, au pembe ya kale kwa mgeni kwa bei ya gunia la unga, bila hata kumwuliza mzee jina la kitu kile? Twalaumu walioichukua hazina, nasi tunaiuza kwa sababu hatukuitambua kuwa hazina.

Jumamosi iliyofuata yule mvulana alikuwa amefika kabla yetu. Tulimwambia, "Waliofukua kaburi walichukua kilicho cha watu. Walifikiri kwamba kupenda elimu kwatosha badala ya kuomba ruhusa, na hakutoshi." Akafikiri kidogo, akauliza, "Na ule mfupa wa Ishango, utarudi?" Tulimwambia kwamba hatuwezi kumwahidi. Lakini tulimchorea ubaoni zile safu tatu, chanjo kwa chanjo, na wale wanne wakazinakili katika madaftari yao, wakihesabu kwa sauti mpaka 60, na 48, na 60.

Basi, wazazi wapenzi, msiwanyang'anye watoto vitabu vyao vya picha. Someni pamoja nao, na mnapofika mahali mtu anapofukua ardhi, waulizeni: shamba hili ni la nani, na nani amelinunua? Kisha waambieni waende kwa wazee wao nyumbani, waulize jina la kila kitu cha kale kilichobaki, kilitoka wapi na kilikuwa cha nani, waandike. Na mtu akivunja mawe ya Nyiragongo akakuta kitu chini yake, asiwaite wanunuzi kwanza. Awaulize majirani ni nani aliyekaa pale.